Mkwe Anayetoka Alfajiri Kutazama Ndege

Haya, kaeni. Nikiulizwa tena "Mama Wakesho, Kisumu kulikuwaje?" nitampiga mtu na mwiko. Naandika mara moja, kila mtu asome, halafu mniache nipike.

Mnajua nilikwenda kufanya nini. Wakesho wangu, anayefundisha shule ya msingi huko, amepata mchumba. Anaitwa Ochieng. Nilipouliza kazi yake, binti yangu alijikohoza kwanza, halafu akasema, "Mama, anaongoza watu kutazama ndege."

"Kuwatazama halafu?"

"Halafu basi. Wanawatazama."

Nikangoja, nikitumaini kuna kingine kinakuja. Kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi. Kijana huyo huamka alfajiri, hubeba begi, huenda Usenge, huenda Port Victoria, kando ya ziwa, siku nyingine hulala huko huko. Akiulizwa alikuwa wapi, alikuwa akitazama ndege.

Jamani! Mimi, mjane wa Baba Wakesho, niambiwe habari za mwanamume anayetoka alfajiri na begi? Mlikuwepo kwenye mazishi. Mlimwona yule mama wa Mwatate akishuka garini na watoto wake, kila mmoja amebeba pua ya marehemu. Miaka yote ile mume wangu alikuwa akiniambia anakwenda kukagua mabomba ya maji. Mabomba! Na mimi namfungia chapati za njiani, namwambia pole na kazi. Angalau mabomba yapo na yanahitaji kukaguliwa. Ndege nani kasema wanahitaji kutazamwa?

Kaka yangu Mwadime, ambaye ndiye mjomba mtu, alikuwa akingoja neno langu ili ajue kama tutawapokea hao wakwe au tutawarudisha walikotoka. Nikamwambia angoje. Kwanza nimwone kijana huyo kazini kwa macho yangu. Kama hakuna ndege, hakuna harusi.

Voi hadi Nyamasaria

Ya garimoshi na ya Nairobi nayaruka, nyote mmefika Nairobi. Shida ilianza tulipokaribia kufika, maana basi letu lilizima katikati ya mashamba ya mpunga ya Ahero, na dereva akaingia chini yake akakaa huko kama amehamia.

Nikateremka kunyoosha miguu. Mashambani kulikuwa na watu wanapiga madebe, wanapiga kelele, wanarusha matope kwa kombeo. Nikamuuliza dada aliyekuwa akiuza njugu kando ya barabara kama kuna mwizi.

"Ndege, mama," akasema. "Hiyo inamaliza mpunga. Ukilala kidogo tu, unavuna majani."

Basi nikasimama pale nikala njugu na kutafakari. Huku mtu anakauka koo kuwafukuza, na mbele kidogo kuna mwingine anaamka gizani kuwatafuta. Si wangekutana tu, wakapatana? Na mimi ninayetoka Voi, ambako ndovu walikula mahindi yangu mpaka na ua, nilijua niko upande gani.

Nyamasaria, mlangoni mwa Kisumu, anakokaa Wakesho, tukafika watu wakifunga maduka. Wakesho alinikumbatia mpaka kilemba kikaanguka. Ochieng alikuwa amesimama mbali, mrefu, mwembamba, macho chini. Nikanyoosha mkono. Hakuupokea! Akainama tu, akasema, "Karibu sana, Mama," akachukua begi langu akatangulia.

Hapo hapo nikaanza kuweka alama zangu. Mtu asiyeweza kumpa mkono mama wa mchumba wake ana nini mkononi?

Hatukuwa tumefika mbali alipogeuka ghafla. "Mama, simama hapo hapo! Usisogee!"

Nilijua ni nyoka. Nikafumba macho, nikamwita Yesu, nikawaombea nyinyi nyote, hata wale mnaonidai. Nikasubiri kuumwa. Wapi! Nilipofumbua, kijana alikuwa ametupa begi langu kwenye vumbi, darubini imeganda usoni, anatazama waya wa umeme juu ya kichwa changu. Kwenye waya palikuwa na kitu cha buluu ambacho hakitoshi hata kuonjea mchuzi.

"Pole, Mama. Yule hukaa mtoni. Sijawahi kumwona hapa stendi."

"Na mimi hujawahi kuniona hapa stendi," nikamwambia. "Okota begi."

Nyumbani kwa Wakesho nikaingia jikoni mwenyewe, nikapika, maana sikusafiri safari yote ile nije kula mkate. Nikapakua. Ochieng akachukua sahani yake, akashukuru, akatoka nje kwenda kula gizani kando ya tangi la maji.

"Anaona haya, Mama," Wakesho akasema.

Haya! Baba yake naye alikuwa akiona haya siku alizorudi kutoka kwenye mabomba. Mwanamume mwenye siri hawezi kutafuna mbele ya mama mkwe, ndivyo nilivyojiambia, na usingizi ukanipaa.

Nyamasaria hadi Usenge

Asubuhi yake tukaondoka, Wakesho akiwa shuleni. Wateja walikuwa wawili. Daktari Kirit, mzaliwa wa Kisumu, mng'oa meno, ndiye mwenye gari na ndiye aliyeendesha. Wa pili ni Njeri kutoka Nairobi, mama mwenye koti lenye mifuko kila mahali, na ndani ya kila mfuko hakuna kitu cha kuliwa. Ochieng akakaa mbele na shingo haikugeuka nyuma safari nzima. Ukiniuliza uso wake ulivyo, nitakuelezea kisogo.

Mnaniuliza raha ya mchezo huu ni nini. Nitawaeleza nilichoona. Gari linakwenda, mtu anapiga kelele, gari linasimama, wote wanateremka, wanatazama mti. Mmoja anasema ni yule. Mwingine anasema si yule, ni ndugu yake, yule ana mstari jichoni. Wanabishana kuhusu mstari. Ndege anaruka. Wanapanda gari wakiwa na huzuni. Kabla dereva hajabadilisha gia, mtu anapiga kelele tena. Mwendo wa kufika Bondo asubuhi tulifika Bondo jua limekaza utosini.

Nikamuuliza Daktari, "Mtu mzima kama wewe, umesoma, unapata nini hapa?"

Akacheka. "Mama, mimi kutwa nzima natazama meno ya watu. Ndege hana meno."

Sawa, huyo angalau alikuwa na sababu. Njeri akaniambia ndege humpa utulivu. Utulivu gani, na wewe umeruka nje ya gari mara ngapi leo kama umekalia siafu?

Bondo tukaagiza chakula. Samaki ngege wa kukaanga akaja, mzima na kichwa chake, ngozi inalia, pamoja na ugali na mboga ya osuga iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukatulia. Mnajua mimi sikosi la kusema juu ya upishi wa wenzangu. Pale nilikosa. Ndiyo kwanza nimemfungua samaki shingoni, Njeri akaona kitu dirishani. Loo! Viti vikaanguka. Wote watatu nje, darubini juu, wanakimbilia nyuma ya choo cha hoteli, na samaki wao wanapoa, wa Ochieng kwenye meza ya peke yake kule mlangoni alikojitenga.

Mwenye hoteli, mama mmoja mnene mwenye sauti, akaja akasimama karibu nami. "Hao watu wamekimbia bili?"

"Hapana. Wameona ndege."

Akanitazama kwa huruma, akaniongeza mchuzi bila kuulizwa.

Usenge ndiko nilikokuwa na hamu ya kufika, kwa sababu ndiko kijana hulala. Pwani yote ilikuwa imetandikwa omena, dagaa wa ziwani, juu ya vyandarua, wamama wanazigeuza, harufu imeshika mpaka nguo. Wageni wangu bila hata salamu wakajipanga mstari, wakainua darubini na kuelekeza ziwani.

Mara nikasikia mluzi. Mashua mbili zilizokuwa zinakuja zikageuza. Kijana mmoja akakokota nyavu akaziingiza chini ya turubai, akalikalia. Mama mmoja akaja mbio, mkono kiunoni. Nilikuja kujua jina lake, Mama Atieno.

"Nyinyi ni watu ya serikali? Mnakagua nyavu?"

"Hapana, mama," Njeri akasema kwa upole wa Nairobi. "Tunatazama ndege tu."

Mama Atieno akapiga makofi. "Ati ndege! Watu mzima, na gari, na mashine kwa macho, mnaangalia ndege! Si mtafute uongo mzuri!"

Dada zangu, nilitaka kumkumbatia. Hayo hayo ndiyo nilikuwa nayo moyoni tangu Voi. Ochieng ikabidi aende kuwaeleza kwa Dholuo, lugha yao, anaonyesha ndege mmoja mmoja, mpaka yule wa kwenye turubai akainuka.

Lakini hawakuwa wamemaliza kuudhi watu. Yangeyange walikuwa wanashuka kwenye omena, wamama wanawafukuza kwa vijiti, na Njeri akawaomba tafadhali wasiwafukuze, wanawapotezea picha. Mama Atieno akamkabidhi kijiti. "Haya, kaa hapa wewe. Hii ndege ikila, utalipia mtoto yangu shule." Njeri akarudisha kamera mfukoni.

Mimi nikachutama pale pale, nikasaidia kugeuza omena, nikapunguza sauti. Nikamwambia mimi ni nani na nimefuata nini. Nikamuuliza waziwazi, mwanamke kwa mwanamke: huyu kijana ana nyumba hapa? Ana mtu?

"Ochieng?" Akacheka mpaka akaketi. "Huyo hapa anajulikana. Anakuja, analala kwa lodging, asubuhi anaingia kwa matope. Wasichana ya hapa walijaribu, wakachoka. Ukimwongelesha, yeye anaangalia juu ya kichwa yako."

"Mbona hali chakula nami? Hata mkono hanipi!"

Hapo akaacha kucheka. "Hujaambiwa? Wewe ni maro, mama ya msichana. Kwetu mwanaume hakuli mbele ya maro. Hakushiki mkono hivi hivi. Huyo anakuheshimu! Angekaa meza moja na wewe, wazee wake wangemkula kwa mdomo."

Makubwa! Kumbe kijana alikuwa ananiheshimu siku zote hizi na mimi namwandikia hukumu. Nilijisikia vibaya, lakini kidogo tu. Hata Mwatate walimsifu mume wangu, mtu mpole, mtu wa haya. Watu humtetea mtu wao. Nikamwambia Mama Atieno asante, nikanawa mikono, nikarudi garini na shaka yangu.

Usenge hadi Port Victoria

Njia ya Port Victoria inazunguka kinamasi cha mto Yala. Mafunjo yamesimama pande zote, marefu kuliko mtu, ukiingia huoni mwenzio. Humo ndimo kuna ndege ambaye kwa ajili yake Daktari amekuwa akiteseka miaka: mgongo mweusi, kifua chekundu, utosi wa manjano. Haishi popote ila kwenye mafunjo, na hatoki nje. Kwa nini ndege mwenye rangi zote hizo ajifiche, sijui. Ningekuwa mimi ningekaa barabarani.

Njiani Ochieng alinieleza, kupitia kisogo, taratibu zao. Kumwona ndiyo bora, lakini hata kumsikia tu kunahesabika, mtu anaruhusiwa kusema huyu nimempata. Halafu ndege hawa huishi wawili wawili, mmoja akiimba mwenzake anajibu. Kwa hiyo unapiga sauti yake kwenye simu, unatulia, kama yupo atajibu.

"Yaani mnamdanganya," nikasema.

"Kidogo, Mama."

Tukaacha gari, tukaingia kwa miguu juu ya tuta. Viatu vyangu vya kanisani, Mungu avilaze pema. Ochieng akainua simu, ikalia: kiri-kiri-kiri, halafu kama mtu anavuta kamasi. Kimya. Akapiga tena.

Ndani ya mafunjo kikajibu.

Njeri alinishika mkono mpaka kucha zikaingia. Ochieng akapiga, kikajibu. Akapiga, kikajibu, tena karibu zaidi. Daktari Kirit, mtu mzima mwenye mvi, machozi yalimtoka, akamkumbatia Ochieng, akasema angojee tu, atawaambia marafiki zake wote wenye darubini Kisumu nzima wamtafute yeye na si mwingine. Na Ochieng mwenyewe! Ndiyo mara ya kwanza kuuona uso wake vizuri. Alikuwa anacheka kama mtoto aliyepewa nyama. Ikaendelea hivyo mpaka mbu wakatujua kwa majina.

Mimi nilikuwa na haja zangu. Nikawaacha, nikafuata tuta likapinda, nikatafuta pa kuchutama. Na hapo ndipo nilipomsikia ndege mbele yangu, karibu kabisa, na nyuma yangu vile vile. Nikapenyeza mafunjo kwa mikono.

Palikuwa na watu wamechutama. Wana darubini, wana makoti ya mifuko, na mbele yao jamaa mwenye kofia kubwa ameinua simu juu. Simu ikalia: kiri-kiri-kiri. Ikanyamaza. Kutoka upande wetu simu ya Ochieng ikajibu. Wale watu wakakumbatiana.

Kati yao na sisi hakukuwa na ndege yeyote! Kulikuwa na mafunjo na simu mbili zinabembelezana. Niliuma kanga nisilie kwa kicheko. Nimezaa, nimezika, nimelisha madereva wa malori maisha yangu yote, sijaona upumbavu mzuri kama ule.

Halafu kicheko kikanikatika, kwa sababu niliona siri niliyoshika. Hakuna aliyejua ila mimi. Nikarudi, nikamwita Ochieng kando, akaja akasimama mbali na macho chini kama kawaida yake. Nikamwambia nilichoona. Sikuongeza neno. Nikajisemea, atakachofanya sasa hivi ndicho nitakachompelekea Mwadime.

Akaenda kuzunguka tuta, mimi nyuma yake polepole nisikose kitu. Akamkuta yule wa kofia, wakanong'ona, yule wa kofia akashika kichwa, kisha akamshika Ochieng bega.

"Nyamaza, ndugu yangu," nilimsikia akisema. "Wangu wameshafurahi. Wako wameshafurahi. Nani ameumia? Twende zetu."

Na kweli, nani ameumia? Nawaambia kwa moyo wangu wote, mimi mwenyewe ningenyamaza. Mtu akisifu mchuzi wa jana akidhani ni wa leo, mimi humwambia asante.

Ochieng akautoa ule mkono begani. Akarudi kwetu, akasimama mbele ya Daktari ambaye bado alikuwa anafuta macho.

"Daktari, samahani. Ile ilikuwa simu. Kuna kundi lingine kule. Tumekuwa tukiitana sisi kwa sisi."

Sijawahi kuona uso ukianguka namna ile. Daktari aliuliza, "Na ile ya karibu?" Ochieng akasema na ile ya karibu. Kupitia mafunjo wale wengine walisikia pia, kukazuka zogo, yule wa kofia akamtukana Ochieng mpaka na ukoo wake. Njeri akakaa chini kwenye matope. Daktari akafunga darubini yake kwenye mfuko, akasema kwa sauti ndogo kwamba safari imekwisha na kwamba mwongozaji asiyeweza kutofautisha ndege na simu hafai kuongoza hata kuku.

Port Victoria

Walikula samaki wao, Daktari kwa hasira, Njeri kwa huzuni. Ochieng alikwenda kukaa kwenye gogo karibu na maji na sahani yake. Nikamfuata. Sikukaa karibu, nimeshajifunza, nikasimama mbali kidogo nikampa mgongo, yeye akanipa wake, tukazungumza hivyo kama watu waliogombana.

"Wewe kijana ni mjinga," nikamwambia. "Ungenyamaza ungepoteza nini?"

"Hakuwepo, Mama."

"Najua hakuwepo! Daktari alikuwa analia kwa furaha. Angekuletea watu wote wa Kisumu. Nani angekwenda kuuliza?"

Nikasikia anaweka sahani chini.

"Lakini hakuwepo," akasema tena, kama mtu anayeshangaa mbona haieleweki.

Nikatembea mpaka nyuma ya maduka ya samaki, nikalia, siwafichi. Nililia kwa ajili ya chapati zile zote nilizofunga. Mume wangu aliniangalia machoni maisha yake yote, akanishika mkono, akala meza moja nami kila alipokuwa nyumbani, na sikuambiwa neno moja kama lile. Huyu hata kunitazama hajanitazama.

Nikajipangusa, nikampigia Mwadime.

"Dada," akasema, "vipi huyo kijana?"

"Hana akili. Anashinda kwenye matope anatafuta ndege, na hata ndege wenyewe hawapati. Leo amewaudhi wateja wote."

"Kwa hiyo tuwarudishe?"

"Nani kasema muwarudishe? Wapokeeni."

"Dada, sikuelewi."

"Wapokeeni, Mwadime! Mwanangu akiambiwa mumewe yuko kinamasini, atakuwa yuko kinamasini."